Bega limechomoka: kisa cha golikipa mmoja, kuanzia mfupa mpaka msuli

Kijana wa miaka 21, golikipa, anatumia mkono wa kulia kwa kila kitu, hana ugonjwa wa siku nyingi na bega halijawahi kumsumbua. Siku ya tukio kadaka mpira vizuri tu, kanyanyua mkono aurushe mbele haraka kabla wapinzani hawajajipanga, sasa hapo mkono uko usawa wa sikio, umeenda nyuma, kiwiko kimekunjwa, na mshambuliaji aliyekuwa anakuja mbio akashindwa kusimama akaugonga ule mkono karibu na kiganja ukasukumwa nyuma zaidi. Anasema alihisi kitu kimeteleza ndani, halafu maumivu ambayo hajawahi kuyapata maishani, mkono ukabaki umekaa mbali kidogo na mwili, hauji mbele hauendi nyuma. Mwenzake mmoja akaushika akaanza kuuvuta eti aurudishe, jamaa akapiga ukelele, kocha akamtoa pale. Wakamfungia mkono kwa jezi wakampeleka hospitali.

Nakiandika kisa hiki kirefu kwa sababu ukimuuliza mtu bega linashikiliwa na nini atakwambia mfupa umeingia kwenye mfupa, basi, na kwa hiyo mfupa ukisharudi anajua kazi imeisha. Mi nafanya fizio na hilo ndo jambo napambana nalo kila siku. Bega halishikwi na mfupa. Linashikwa na nyama, kano (zile kamba zinazoshikisha msuli kwenye mfupa), ligamenti (zinazoshikisha mfupa kwa mfupa) na ukingo mmoja wa gegedu, na usipolijua hilo huwezi kuelewa kwanini lilitoka, kwanini lilirudishwa vile lilivyorudishwa, na kwanini huyu kijana miezi minne baadaye bado tulikuwa naye.

Alivyofika walimkuta amekaa ameinamia upande wa kulia, mkono wa kushoto umeubeba wa kulia kwenye kiwiko. Hiyo peke yake inakupa nusu ya jibu. Wakamvua jezi, bega la kushoto mviringo wake upo, la kulia limekuwa na kona, limekaa pembe kabisa. Ukipitisha kidole kutoka ule ukingo wa mfupa ulio juu kabisa ya bega ukashuka nao chini, kushoto kidole kinakutana na uduara mgumu chini ya msuli, kulia kidole kinazama, manake kichwa cha mfupa hakipo pale. Kipo mbele, chini ya mtulinga, unakigusa kabisa kama uvimbe mgumu. Akiambiwa aweke kiganja cha kulia juu ya bega la kushoto huku kiwiko kimegusa kifua hawezi kabisa.

Sasa tuiangalie mifupa yenyewe. Iko mitatu. Mtulinga ule unaouona umelala mlalo chini ya shingo, kombe la bega lililo mgongoni, na mfupa wa mkono wa juu, hyumerasi. Weka kidole katikati pale chini ya koo ambapo mtulinga unakutana na mfupa wa kidari, hicho kijiungio kidogo ndo mahali pekee ambapo mkono wako mzima umeungana na kiwiliwili kwa mfupa. Pekee. Kombe lenyewe halijaungana na mbavu kwa kiungo cha mfupa, linaelea juu yake likiwa limening'inizwa na misuli, na misuli 17 imejishika kwenye lile kombe moja, kwa hiyo unaona tangu mwanzo kwamba hapa mwili uliamua kutegemea nyama. (Na mtulinga una tabia yake nyingine naipenda sana: ndo mfupa wa kwanza kuanza kugeuka kuwa mfupa mtoto akiwa bado tumboni, wiki ya 5 au ya 6, na ncha yake ya upande wa kidari ndo inachelewa kuunga kuliko zote, mpaka miaka ya ishirini na kitu, yaani huyu golikipa wetu wa miaka 21 inawezekana kabisa wake ulikuwa haujamaliza.)

Kwenye kona ya nje ya kombe kuna kijishimo kinaitwa glenoidi, hapo ndo kichwa cha hyumerasi kinakaa. Nasema kinakaa lakini ukikiona kwenye mifupa ya mafunzo unashangaa, kichwa ni kikubwa, mviringo, na kishimo ni kifupi na chembamba. Chukua chungwa uliegemeze kwenye kisosi, tena kisosi kiwe kimesimama wima, ndo hivyo. Wakati wowote ule ni kama asilimia 25 mpaka 30 tu ya uso wa kichwa inayogusana na kishimo. Kuzunguka ukingo wa glenoidi kuna pete ya gegedu ngumu inaitwa labramu, inakiongezea kishimo kina karibu nusu ya kile kilichopo, halafu kiungo chote kimefunikwa na mfuko wenye ute ndani, na mfuko huo una sehemu zilizonenepa ambazo ndo ligamenti.

Linganisha na nyonga. Kichwa cha fupa la paja kimezama ndani ya shimo la nyonga, kimemezwa zaidi ya nusu ukihesabu na labramu yake, ndo maana kuchomoa nyonga ya mtu mzima mwenye afya kunataka nguvu ya ajali ya gari, goti linagonga dashibodi na fupa linasukumwa nyuma. Bega linatoka kwenye mpira wa miguu. Lakini hiyo nyonga haiwezi kukuzungushia mguu mpaka nyuma ya kichwa, na bega linakupa nyuzi 180 kutoka chini mpaka juu, unajikuna mgongo, unafunga nywele, unarusha. Kiungo chepesi namna hiyo hakiwezi kuwa na shimo refu, vitu hivyo viwili havikai pamoja.

Kwanini lilitoka mbele na siyo nyuma? Mabega yanayochomoka, zaidi ya 95 kwa kila 100 yanatoka mbele, na sababu iko kwenye ule mkao wa kurusha. Mkono ukiwa umenyanyuliwa pembeni na umezungushwa kwenda nje, kichwa cha mfupa tayari kinasukuma mbele na chini. Upande wa mbele kuna msuli mkubwa, subskapularisi, unatoka uso wa ndani wa kombe unapita mbele ya kiungo, lakini mkono ukipanda juu msuli huu nao unapanda, unaiacha sehemu ya mbele chini bila ulinzi, hapo kinachobaki ni ligamenti moja ya chini mbele na labramu basi. Sasa yule mshambuliaji aligonga karibu na kiganja, mbali na kiungo, mkono mzima ukafanya kazi ya wenzo, nguvu ndogo ya kwenye kiganja ikawa nguvu kubwa sana begani. Ligamenti ikavutika, labramu ikang'oka, kichwa kikapita.

Zile chache zinazotoka nyuma mara nyingi ni mtu kapata degedege au kapigwa shoti ya umeme, misuli yote ya bega inajikaza kwa pamoja na ile inayozungusha mkono kwenda ndani ina nguvu kuliko inayozungusha nje, inashinda. Hizo ni hatari kwa sababu eksirei ya kutoka mbele inaweza kuonekana karibu sawa kabisa na bega zima, ndo maana picha ya upande mmoja haitoshi.

Kabla ya kurudisha chochote wakafanya kitu ambacho mi nakiona ndo muhimu kuliko vyote vya siku ile. Wakampima mishipa. Mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, yapo, vidole vina joto. Wakamwambia anyooshe vidole, avitanue, akunje kiganja nyuma, vyote anaweza. Halafu wakamgusa kwa pamba upande wa nje wa mkono wa juu, pale panapochomwa sindano, kushoto anasikia vizuri, kulia anasema pamekufa ganzi, eneo la ukubwa wa kiganja hivi. Hiyo ni neva ya aksila, neva ndo mshipa wa fahamu. Inatoka shingoni kwenye mizizi ya neva ya tano na ya sita, C5 na C6, inapita kwapani, inaizunguka shingo ya hyumerasi kutoka nyuma kuja mbele, imelala karibu kabisa na mfupa, kwa hiyo kichwa kikishuka mbele na chini neva inavutwa. Kazi yake ni mbili kwenye misuli, inaendesha deltoidi, ule msuli mkubwa unaofunika bega, na teresi ndogo, msuli mdogo wa nyuma ya bega, na moja kwenye ngozi, hiyo ngozi iliyokufa ganzi.

Wakaandika kwenye faili: ganzi ipo kabla ya kurudisha. Mtu anaweza kuona ni makaratasi tu, hapana, usipoandika kabla hutajua baadaye kama neva iliumia kwenye ajali au iliumia mikononi mwako. Na yule mwenzake aliyekuwa anavuta uwanjani hakujua kwamba kuna neva imetandazwa juu ya kile kichwa cha mfupa, na mshipa mkubwa wa damu jirani yake, na kwamba ingewezekana kuna ufa kwenye mfupa ambao yeye angeumalizia kuwa mvunjiko. Bega lililotoka halivutwi uwanjani. Unalifunga vile lilivyokaa, unampeleka mtu.

Eksirei ikapigwa ya mbele na ya ubavuni mwa kombe. Kichwa kiko mbele chini ya ile ncha ya kombe inayotokeza mbele, korakoidi. Hakuna mvunjiko kwenye kinundu kikubwa cha hyumerasi, hiyo ni habari njema maana pale ndo kano tatu zimejishika. Ila nyuma ya kichwa kuna kibonyeo. Hicho nacho kinaeleweka, kichwa kikishatoka mbele, mgongo wake unakuja kuegemea ukingo mkali wa glenoidi, mfupa wa kichwa ni laini kidogo kuliko ule ukingo, unabonyea. Kinaitwa kwa majina ya wataalamu wawili wa eksirei wa Marekani, Hill na Sachs, walioandika juu yake mwaka 1940.

Kurudisha. Watu wanafikiri adui ni mfupa, kumbe adui ni msuli. Bega likitoka tu misuli yote inayolizunguka inajikaza kwa maumivu, na ukivuta kwa nguvu inakaza zaidi, mnashindana na msuli unashinda. Kwa hiyo wakampa dawa ya maumivu na ya kulegeza, wakasubiri ifanye kazi, wakamlaza chali, kiwiko kimegusa ubavu na kimekunjwa nyuzi 90, halafu mkono wa chini ukaanza kuzungushwa nje taratibu mno, kila msuli ukikaza wanasimama, wanaongea naye, apumue, ukilegea wanaendelea. Dakika kadhaa. Likarudi kwa kishindo kidogo ambacho hata aliyekuwa amesimama pembeni alikisikia, na uso wa kijana ukabadilika palepale. Njia ziko nyingi na ni za zamani, ile ya kisigino kwapani ni ya Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, Kocher wa Uswisi aliandika yake mwaka 1870, ila zote nzuri zinafanana kwenye kitu kimoja, zinasubiri msuli uchoke kwanza. Baada ya hapo wakapima tena mapigo na neva, ganzi iko vilevile, haijaongezeka, wakarudia eksirei, kichwa kiko mahali pake.

Hapa ndo familia nyingi zinashangilia na kuondoka. Lakini kilichorudi ni mfupa. Ile labramu iliyong'oka kwenye ukingo wa mbele chini haijarudi popote. Mpasuaji wa Uingereza anayeitwa Bankart aliieleza mwaka 1923, akasema hilo ndo jeraha la msingi kwenye mabega yanayotoka mara kwa mara, na kwa vijana wanaochomoka bega kwa mara ya kwanza wengi wao unaikuta. Ukingo umeondoka, ligamenti iliyokuwa imejishika pale imelegea nayo, kwa hiyo siku mkono ukirudi kwenye mkao uleule njia tayari ipo. Kadiri mtu anavyokuwa mdogo kwa umri ndivyo uwezekano wa bega kutoka tena unavyokuwa mkubwa, hasa chini ya miaka 20, na kwa mchezaji wa michezo ya kugongana zaidi. Mzee hadithi yake ni tofauti kabisa, kwake labramu si tatizo kubwa, kano zake zimeshachakaa kwa umri kwa hiyo bega likitoka zinachanika zenyewe, mtu wa miaka 60 baada ya bega kurudi akishindwa kunyanyua mkono usiseme ni maumivu tu, ampime mtu zile kano.

Alikuja kwetu na mkono kwenye kamba. Kamba alikaa nayo wiki 3. Kuna wanaotaka ikae miezi, lakini kwa kijana kuongeza muda hakumpunguzii hatari ya kutoka tena, na kwa mtu mzima ni kutafuta bega ligande. Tangu siku ya kwanza tulimwambia afungue na kufunga ngumi, akunje kiwiko, azungushe kiganja, maana hivyo viungo havina kosa.

Sasa misuli, na hapa ndo nilipotaka kufika. Kuna minne inatoka kwenye kombe na kano zake zinakizunguka kichwa cha hyumerasi. Supraspinatasi inapita juu. Infraspinatasi na teresi ndogo zinatoka nyuma. Hizo tatu zinajishika kwenye kinundu kikubwa. Subskapularisi ya mbele inajishika kwenye kinundu kidogo. Vitabu vinakwambia huyu ananyanyua, wale wanazungusha nje, yule anazungusha ndani, ni kweli, lakini kazi kubwa zaidi ya hao wanne ni kukikandamiza kichwa kwenye kishimo kila sekunde ambayo mkono unatembea. Deltoidi, ule msuli mkubwa unaolipa bega umbo lake, ukijikaza peke yake mkono ukiwa chini unakivuta kichwa kwenda juu, kikagonge ule mfupa wa paa la bega. Wale wanne wanakishikilia chini na ndani ili nguvu ya deltoidi igeuke kuwa kunyanyua mkono. Wakiwa wazembe deltoidi inafanya fujo.

Na huyu kijana deltoidi yake yenyewe ilikuwa nusu, kwa sababu ya neva. Tulivyomfungua kamba tukamwambia anyanyue mikono yote miwili pembeni huku tumesimama nyuma yake hana shati. Mtu mzima akinyanyua mkono mpaka juu kabisa, katika zile nyuzi 180, kama 120 zinatoka kwenye kiungo chenyewe cha bega na 60 zinatoka kwa kombe kuzunguka juu ya mbavu. Kushoto kwake unaona hivyo kabisa, mkono unaanza, kombe linafuata baadaye kidogo kwa upole. Kulia kombe linaanza kabla ya mkono, linapanda juu kuelekea sikio, na mkono unaishia usawa wa bega. Ukingo wa ndani wa kombe umejitenga na mgongo unaweza kuingiza ncha za vidole chini yake, hiyo ni seratasi, ule msuli unaotoka ubavuni kulikandamiza kombe kwenye mbavu, nao umelegea. Mtu huyu ukimpa uzito wa kunyanyua siku hiyo unamfundisha bega lake kufanya kazi kwa makosa.

Kwa hiyo tulianza na kombe. Kusukuma ukuta kwa viganja kiwiko kimenyooka, kurudisha makombe nyuma na chini, halafu wale wanne kwa kubana tu bila mkono kusogea, anasukuma mkono wake mwenyewe kwa mkono mwingine. Kuzungusha nje tuliweka mpaka, hakuna kwenda kwenye mkao wa kurusha. Wiki ya 6 mipira ya kuvuta ikaingia. Ganzi ilianza kupungua kuanzia pembezoni ikiingia katikati, wiki ya 8 akasema anasikia pamba vizuri, na deltoidi ikaanza kujaa. Neva nyingi za aksila zinazovutwa hivi zinarudi zenyewe kwa wiki au miezi, ikiwa nyuzi zake za ndani zimekufa zinaota upya kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo ukiona haijatikisika kwa miezi 3 ndo unaomba kipimo cha umeme wa misuli.

Mwezi wa nne nguvu ya kulia na kushoto zinakaribiana, mkono unapanda mpaka juu, kombe linakwenda kwa wakati wake. Ukimwona mtaani unasema kapona. Tukamlaza chali tukaupeleka mkono taratibu kwenye mkao wa kurusha, nyuzi 90 pembeni halafu kuzungusha nje, akafika mahali akakaza mwili wote akatushika mkono, siyo maumivu, anasema linataka kutoka. Tukasukuma kichwa cha mfupa kwa kiganja kutoka mbele kwenda nyuma, ile hofu ikaisha palepale, tukiachia inarudi. Hiyo inakwambia misuli imefanya kazi yake yote inayoweza na kizuizi cha mbele hakipo.

Picha ya MRI ikaonyesha labramu imeng'oka mbele chini, mfupa wa glenoidi haujapungua, kibonyeo cha nyuma ni kidogo, kano zote nne nzima. Mfupa kutopungua ni jambo kubwa kwenye uamuzi, kwa sababu ukingo wa mfupa ukishalika kwa bega kutoka mara nyingi, kushona labramu hakutoshi, inabidi ile ncha ya korakoidi ikatwe ihamishiwe mbele ya glenoidi pamoja na kano zake, operesheni ambayo Latarjet wa Ufaransa aliieleza mwaka 1954. Huyu hajafika huko. Akaelezwa kwamba akiacha golini na michezo ya kurusha anaweza kuishi na bega hili kwa mazoezi, ila akitaka kurudi golini mkao uliolitoa ndo mkao wa kazi yake. Akachagua kushonwa kwa njia ya matundu madogo, labramu irudishwe kwenye ukingo kwa vishikizo, halafu kamba tena, na mazoezi yaanze upya kule kwenye kusukuma ukuta.